Kamba ya Mtu Mrefu

"Macho yangu yana nini? Sema! Yana nini?"

"Sijasema yana kitu, mzee. Nimesema yamechoka."

"Yamechoka! Asubuhi hii nimetunga uzi kwenye sindano mara tatu mbele ya mkeo. Nenda kamuulize. Mara tatu, bila miwani!"

"Sindano siyo jeneza, Babu Randa. Sindano haina wafiwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vua aproni, nenda nyumbani ukapumzike, yaishe. Mbona unataka nipaze sauti mtaa mzima usikie?"

"Mtaa usikie mara ngapi? Si ulisimama msibani juzi, mbele ya watu wazima na watoto wao, ukasema fundi wako haoni? Kuna sauti nyingine imebaki?"

Mtalii alikuwa amesimama kati yao na mlango, begi mgongoni, tiketi ya basi kwenye mfuko wa shati. Alikuja kuaga tu. Alikuwa ameshajipangia hata maneno: asante baba mdogo kwa kunipokea, asante babu kwa kunifundisha, mkono kwa mkono, huyo njiani. Sasa maneno yenyewe yamemkauka mdomoni, na basi linaondoka saa sita kamili.

Mtalii siyo jina lake. Ni jina alilopewa na Babu Randa wiki ya kwanza tu, alipomwona anapiga msasa ubao mmoja huku jicho liko dirishani. "Huyu hajaja kufanya kazi, huyu mtalii," babu akasema, na likaganda hapo hapo. Hata baba mdogo mwenyewe, ndugu wa baba yake, tumbo moja, akaacha kumwita jina alilopewa na wazazi.

Na kusema kweli, hakuwa ameonewa. Alikuwa amemaliza shule, chuo mpaka mwaka unaofuata, na nyumbani palikuwa pamemshinda. Akambembeleza baba yake miezi miwili: badala ya kukaa hapa nanenepa mbele ya televisheni, niache nizunguke, nione watu wanavyoishi. Baba akakubali kwa sharti moja, azunguke kwa ndugu, siyo kwa watu asiowajua. Ndiyo mwaka ukagawanywa vituo vitatu. Cha kwanza, miezi minne hapa kwa baba mdogo, kwenye karakana ya mbao. Cha pili, kwa mama mkubwa, huko milimani kwenye kuku wake mia tatu. Cha tatu alikuwa hamwambii mtu, kwa sababu na yeye mwenyewe alikuwa hakijui. Wenzake wa darasani aliwaahidi kila kituo kikiisha atawaandikia: nimeona hiki, nimejifunza kile. Cha kwanza alishaanza kukiandika kwenye simu. "Kituo cha kwanza kimeisha, wazee. Nimejifunza subira." Akaishia hapo. Siku tatu sasa, yuko hapo hapo kwenye subira.

Karakana ilikuwa ya babu yake mzaa baba. Zamani walitengeneza milango na vitanda, na Babu Randa ndiye aliyemfundisha baba mdogo kushika msumeno, akiwa bado anavaa kaptura. Siku hizi vitanda watu wananunua vilivyotoka kiwandani, milango ni ya chuma. Imebaki kazi moja ambayo kiwanda hakijaikimbilia sana, maana mtu hafi kwa kipimo cha kiwanda. Majeneza. Baba mdogo anapokea wateja, anashusha sauti, anasema pole. Babu Randa anatengeneza. Walikuwa na utani wao hapo ndani, baba mdogo akiupenda kuliko wote: "Biashara yetu haina shida. Mteja wetu hajawahi kurudi kulalamika."

Tangu Jumamosi hakuna aliyeurudia.

Sasa, Babu Randa hakuwa mtu wa futi. Futi anayo, imetundikwa, lakini vipimo vya wafiwa havimo kwenye futi. Mtu aliyefiwa, alikuwa akisema, ukimpa namba ataigeuza. Atasikia mia na themanini, atakuja kusema mia na nane, na wewe utamwambia nini? Kwa hiyo mfiwa anaambiwa alete kamba. Kamba yoyote iliyoko nyumbani. Anampima marehemu wake kutoka utosini mpaka kisiginoni, anakata. Halafu anapima mabega, anapiga fundo hapo. Kamba moja, vipimo viwili. Ikifika karakana inatundikwa kwenye msumari juu ya meza ya babu, na haiguswi na mtu mpaka jeneza litoke. Jeneza likitoka, inakunjwa inawekwa chini ya mto, inakwenda na mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza Mtalii kufundishwa. Ya pili ilikuwa kufunga mlango, maana upepo unatawanya vumbi la mbao, na mlango wenyewe mbovu, mpaka uuinue kidogo ndiyo komeo liingie. Kila siku babu alikuwa anapiga kelele, "Mlango, Mtalii!" na kila siku Mtalii alikuwa anausahau wazi.

Alhamisi jioni alikuja mwanamke mmoja. Babu alikuwa ameenda kuchagua mbao, baba mdogo hayupo. Akampokea Mtalii, simu mkononi, maana alikuwa anatafuta siti ya dirishani kwenye basi la Jumanne. Mwanamke hakulia. Alitoa kamba ya plastiki ya buluu, ya kuanikia nguo, ameikata kwenye kamba yake ya uani. Alikuwa ameikunja vizuri kama mtu aliyekunja leso.

"Ni mume wangu," akasema. "Ni mrefu, mwanangu. Angalia isipungue."

"Usijali, mama," Mtalii akamjibu, akaitundika msumarini, akarudi kwenye simu.

Nusu saa baadaye akaanza kupanga begi lake huko huko karakana, kwa sababu mwili ulikuwa bado uko hapa lakini roho ilishapanda basi. Mkanda wa begi ukakatika. Akatafuta uzi, hakuna. Waya, hakuna. Akainua macho, akaiona ile ya buluu inaning'inia, ngumu, safi, mpya. Ukutani palikuwa na mbao zimeegemezwa, zimeshakatwa, akajisemea babu ameshapima huyu, kamba hii kazi yake imekwisha. Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani? Akakata kipande chini, shibiri moja hivi, siyo nyingi, akafungia mkanda, akavuta, ukashika barabara. Akajipongeza.

Zile mbao zilikuwa za mtu mwingine.

Ijumaa asubuhi Babu Randa akaishusha kamba ya buluu, akailaza juu ya ubao, akakata alichoambiwa na kamba. Jumamosi Mtalii mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza mpaka mochwari. Mhudumu na ndugu wawili wakamwinua marehemu, wakamshusha ndani, na hakuingia. Kichwa kimegusa huku, miguu imegoma kule. Wakajaribu upande upande. Mwisho mhudumu akamkunja magoti, akaweka mfuniko juu, mfuniko ukabaki umeinuka kama paa. Mdogo wa marehemu akasema, "Toa." Mhudumu akasema subiri. Yule mdogo mtu akasema, "Nimesema mtoe kaka yangu humo!"

Mwanamke alikuwa mlangoni, ameona yote. Watu wakangoja juani saa mbili nzima mpaka jeneza jingine likatafutwa kwa fundi mwingine. Hakumgombeza mtu. Kitu kimoja tu alisema, na alikisema kama anajisemea: "Alikuwa mrefu. Ndicho kitu cha kwanza nilichompendea."

Mtalii alirudi nyumbani kwa baba mdogo, akaingia chumbani, akaliona begi lake limeegemea kitanda, na ule mkanda wenye kipande cha buluu. Akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye mlango. Mama mdogo akamwita kula, akasema tumbo linauma.

Basi kama kosa lingeishia hapo, pengine angeweza kulimeza akaondoka nalo. Lakini Jumapili baba mdogo akaenda msibani kuomba radhi, akasimama, akasema fundi wangu ni mzee, macho yamemwacha, lawama ni zangu kwa kumweka mpaka leo. Watu wakatikisa vichwa, wakasamehe. Uzee ni wa wote. Na Jumatatu Babu Randa akaja kazini kama kawaida yake, ila hakukata kitu. Alisimama mbele ya ukuta akafumba jicho hili, akatazama. Akafumba lile, akatazama. Akachukua kipande cha ubao, akakipima kwa shibiri, akaweka alama.

"Mtalii. Hebu nipimie hapa kwa futi yako. Inatoka ngapi?"

Mtalii akapima. "Umepatia, babu."

"Una hakika?"

"Umepatia kabisa."

Akaweka alama nyingine. "Na hapa?"

"Umepatia."

Mara kumi na moja. Mtalii alizihesabu. Kila mara babu alikuwa amepatia, na kila mara uso wake ulikuwa unazidi kushuka, kwa sababu kama hapa amepatia, ile ya Ijumaa alikoseaje? Mwisho akakaa kwenye kile kigoda chake, akaweka mikono magotini, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Ina maana inanijia na kuondoka," akasema. "Ndiyo mbaya zaidi hiyo. Ingekuwa imeharibika moja kwa moja, ningejua."

Mtalii alikuwa na nafasi pale. Wawili tu, mlango wazi, hakuna mtu. Akaenda kufagia.

Na leo ndiyo Jumanne.

"Miaka thelathini na nne!" Babu Randa alikuwa anasema. "Baba yako amelala kwenye kazi ya mikono hii. Uliona ikipungua?"

"Usimlete baba hapa."

"Namleta! Yeye ndiye aliyeniweka, siyo wewe."

"Basi kama ni yeye, kamlalamikie yeye!" Baba mdogo akajipiga paja. "Unadhani nafurahi? Kile pale kimesimama, kila anayepita anakiona. Nimwambie nini mtu? Kimejipunguza chenyewe?"

Lile jeneza fupi lilikuwa limerudi, limeegemezwa kwenye kona, vanishi bado inang'aa. Wote watatu wakalitazama, halafu wote wakaacha kulitazama.

Babu akashusha sauti. Hapo ndipo palipomchoma Mtalii, pale sauti iliposhuka. "Sikia, mwanangu," babu akasema. "Labda kweli. Labda yameniacha. Lakini niambie wewe mwenyewe, ukiwa mtu mzima, uko mbele yangu: uliwahi kuona dalili? Hata moja? Nijue tu ilianza lini."

Baba mdogo akatazama pembeni. "Zilikuwepo," akasema.

"Hazikuwepo," Mtalii akasema.

Wakageuka.

"Wewe si una basi?" baba mdogo akamwambia. "Nenda. Utachelewa."

"Babu, hukukosea. Kamba ndiyo ilikuwa—"

"Nimesema nenda, mwanangu. Salamu kwa mama mkubwa. Haya."

"Niliikata mimi."

Babu Randa alikuwa na sikio moja zuri na moja lililouawa na msumeno wa umeme. Akaligeuza lile zuri. "Umesema?"

"Ile kamba. Nilikata kipande nikafungia begi. Nilidhani umeshapima." Alijaribu kusema taratibu lakini yakawa yanatoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Zile mbao za ukutani nilidhani ndizo zake. Sikuuliza. Yule mama aliniambia niangalie isipungue na mimi, babu, mimi nikaipunguza. Iko hapa. Tazama."

Akavua begi, akaliweka mezani, akaanza kufungua lile fundo. Halikufunguka. Alikuwa amelikaza vizuri mno siku ile. Kucha zikateleza, akaling'ata kwa meno, na hakuna aliyemsaidia. Likaachia mwisho, mkanda ukaanguka.

Babu Randa akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa kamba ya buluu. Alikuwa anatembea nayo tangu Jumamosi, iliporudi na lile jeneza. Akailaza mezani, akasogeza kipande kile pale ilipokatwa, ncha kwa ncha. Kisu kilikuwa kimekata kwa mshazari. Zikakaa kama taya na taya. Akaipima yote kwa shibiri, polepole, midomo inahesabu. Kisha akaenda kwenye jeneza pale konani, akapima, akasimama na nafasi iliyobaki katikati ya kidole gumba na kile kidogo.

"Kumbe," akasema.

Akarudi akakaa.

"Siku tatu," akasema. Hakuwa anapiga kelele tena. "Jana ulikuwa unaniambia umepatia babu, umepatia babu. Ulikuwa unanipima na futi, huku unajua."

"Nilikuwa nakwambia kweli, babu."

"Ndiyo. Ulikuwa unaniambia kweli. Ungenidanganya ingenipa nafuu."

Mtalii akamgeukia baba mdogo, akitegemea kuona hasira, hata kofi angelipokea. Baba mdogo alikuwa anafuta vumbi kwenye ukingo wa meza, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Baba mdogo?"

"Niliiona," baba mdogo akasema.

"Uliona nini?"

"Kwenye begi lako. Jumamosi ile ile, ulipolala bila kula. Niliingia kukuangalia." Akaacha kufuta. "Sasa mnataka nifanyeje? Baba yako kanikabidhi mtoto. Nimpigie simu nimwambie mwanao amemkata marehemu miguu? Mzee kukosea kipimo watu wanaelewa, wanasema uzee. Mtoto wa nyumba kukata kamba ya maiti afungie begi la matembezi, nani ataelewa? Nani ataleta mtu wake hapa tena? Mkipenda nifunge, semeni, nifunge leo leo."

"Kwa hiyo ulijua naona," Babu Randa akasema.

"Mzee..."

"Ulisimama msibani unajua naona."

Baba mdogo akarudia kufuta meza. Nje gari lilipita, dirisha likatetemeka, likatulia.

"Basi wakaambiwe," Mtalii akasema. "Turudi tukaseme ukweli, babu abaki."

"Turudi!" Baba mdogo akacheka, kicheko kikavu. "Mimi nirudi kwa watu wale mara ya pili, niseme ile radhi ya Jumapili ilikuwa ya uongo? Nimeshasema, limeshasemwa. Yeye anapumzika, nitamwangalia mpaka mwisho wake, hatakosa kitu. Na wewe panda basi. Limekwisha."

"Nitaenda mwenyewe."

"Kwenda wapi?"

"Kwa yule mama."

"Ukienda huko," baba mdogo akasema, na sasa sauti ilikuwa imekufa kabisa, "usirudi kulala kwangu. Na hizo safari zako zimeisha. Nitampigia baba yako kabla hujafika huko mlangoni. Mama mkubwa naye nitampigia. Tuone ni ndugu gani atakupokea."

Mtalii alitazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. Stendi ni mwendo wa nusu saa. Dirishani, siti namba nane, aliichagua mwenyewe. Angeweza bado. Mtu hafi kwa kunyamaza, wala hakuna ambaye angemkimbiza. Alijikuta anawaza milima, na kuku mia tatu, na jinsi ambavyo angekaa dirishani asitazame nyuma, na akajua atakuwa anaipapasa ile sehemu ya mkanda njia nzima.

Babu Randa alisimama. Akafungua aproni, akaivua kupitia kichwani, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza pale alipokuwa akiiweka kila jioni. Hakuna aliyemwambia acha. Akachukua kamba na kile kipande, akavikunja pamoja, vizuri, kama kamba ilivyokuja siku ile, akampa Mtalii.

"Ni vyake," akasema. "Vilitakiwa viende na mumewe."

"Nitamwambia wewe hukukosea, babu. Nitamwambia macho yako—"

"Habari za macho yangu usimwambie. Amefiwa yule. Macho yangu yanamhusu nini? Mwambie habari za mumewe. Mwambie nani aliichukua kamba mkononi mwake na akaifanyia nini. Basi."

"Halafu utarudi? Kazini?"

Babu Randa akageuza kichwa, akampa lile sikio bovu, akaanza kukusanya randa zake moja moja kwenye kitambaa.

"Babu?"

Randa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaifuta kwanza ulimi wake wa chuma kwa kidole gumba. Baba mdogo alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba.

Begi halikuwa na mkanda tena, kwa hiyo Mtalii akalikumbatia kifuani kama mzigo wa mtu mwingine, kamba ya buluu ameishika ndani ya kiganja. Akafungua mlango, akatoka. Upepo ukaingia, vumbi la mbao likainuka sakafuni, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Akaweka begi chini, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauinua kidogo, akaufunga mpaka komeo likaingia.